Sura ya Tano: Nahodha wa Khedive Ismail

Jioni ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, redio za Nyamwaga zilifunguliwa sauti mpaka mwisho. MV Bukoba ilikuwa imezama asubuhi ile karibu na Mwanza, na kila mwenye ndugu upande wa pili wa ziwa alisogea kusikiliza. Sisi ni watu wa mlimani, watu wa migomba, kahawa na mahindi. Maji tunayoyajua zaidi ni ya Mto Mara, unaopita bondeni ukielekea ziwani. Lakini siku ile ziwa lilipanda mpaka kwetu.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, alisikiliza taarifa mpaka ikaisha. Kisha akanigeukia.

"Mura, wenzetu nao walikufa hivi hivi. Sisi tulikuwa tumeshafika Seloni, tunawangoja watu wa mizinga. Tukangoja, tukangoja. Hawakufika."

Nikamuuliza ilikuwa meli gani. Jina alilijua nusu: Ismaili. Halafu akauliza yeye, na aliuliza kana kwamba mimi kijana niliyesoma lazima nijue: "Nahodha wake alikuwa nani? Maana hakuna aliyetuambia."

Imenichukua miaka mingi kupata jibu, na mwenye kuuliza hayupo tena. Meli iliitwa Khedive Ismail. Nahodha wake aliitwa Roderick Whiteman. Walizama pamoja mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, katika mlango wa bahari ulioko kwenye visiwa vya Maldivi, wakitoka Mombasa kwenda Kolombo. Ndani ya meli walikuwamo watu 1,511. Waliookoka ni 214.

Hesabu hiyo niliirudia mara kadhaa nilipoiona kwa mara ya kwanza. Inaacha watu 1,297, na kundi kubwa kuliko yote kati yao lilikuwa la askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ajali ya MV Bukoba tunaikumbuka kila mwaka, tena ni haki yake. Hii nyingine, iliyochukua watu wengi zaidi, haina hata wimbo niliowahi kuusikia ukiimbwa kwetu.

Maisha ya nahodha huenda sambamba na maisha ya meli zake, kwa hiyo nitaanza na meli. Ilijengwa Greenock, Scotland, katika karakana za Scotts, ikashushwa majini mwaka 1922. Jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, jina la mlima mrefu kuliko yote ya Amerika, kwa sababu wenye meli walikuwa Wachile. Haikuwa kubwa sana, uzito wake ulikuwa kama tani 7,500 kwa kipimo cha meli. Biashara ilipoharibika miaka ya mwanzo ya 1930 meli ilirudi mikononi mwa wajenzi wake, na mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya meli za barua ya Iskandaria, Misri. Hao ndio walioipa jina la Khedive Ismail.

Jina hilo halikuwa geni kwa nchi zetu. Khedive Ismail aliitawala Misri kuanzia 1863 hadi 1879, na Mfereji wa Suez ulifunguliwa katika utawala wake, mwaka 1869. Alitamani milki ifuatayo Mto Nile mpaka kwenye chanzo chake. Alimtuma Samuel Baker kupanda mto kuelekea kusini, akamtuma Gordon baada yake, na mwaka 1875 akatuma meli mpaka pwani ya Kismayu kutafuta njia ya kufika kwenye maziwa makuu kutokea upande wa Bahari ya Hindi. Alichokuwa akikitafuta ni ziwa letu hili. Maji ya Mto Mara yanayopita chini ya Nyamwaga huingia Ziwa Viktoria, yakatoka kwa Nile, na yale yasiyokaushwa na jua wala kunywewa na mashamba njiani huishia katika bahari ya Iskandaria. Meli ilisajiliwa mdomoni mwa mto ambao sisi tunakaa karibu na mojawapo ya mizizi yake.

Vita vilipofika Misri, mwaka 1940, serikali ya Uingereza iliichukua meli hiyo na kuikabidhi kwa kampuni ya British India iiendeshe. Na hapa tena hadithi inagusa kwetu. Kampuni ya British India ilianza kuleta meli za barua Zanzibar mwaka 1872. Mwanzilishi wake, William Mackinnon, ndiye aliyekuja kuunda ile kampuni ya kikoloni iliyotawala Kenya na Uganda kabla ya serikali ya Uingereza. Meli ya moshi iliyoletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa Ziwa Viktoria mwaka 1900, ilipewa jina lake. Wazee wetu waliouona moshi wa kwanza ukitembea juu ya maji waliuona chini ya jina la mwenye kampuni hiyo.

Nahodha wa British India alikuwa mtu wa namna yake. Wengi walianza wakiwa wavulana, wakapelekwa baharini kama wanagenzi, wakajifunza kusugua sitaha kabla ya kujifunza kusoma nyota. Mtihani wa umeti ulikuja kwanza, na ule wa unahodha ulikuja baada ya miaka mingi ya zamu za usiku. Njia zao zilikuwa Bombay, Karachi, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Beira, Durban, kwenda na kurudi, mpaka mtu akawa anazijua bandari za upande huu wa dunia kuliko mtaa aliozaliwa. Mabaharia walikuwa kwa kawaida watu wa Bara Hindi, chini ya sarahangi wao, ambaye mkononi mwake ndimo nidhamu ya meli ilimokaa. Nahodha aliyetaka meli itembee alijifunza kusema nao kwa lugha yao. Asiyejifunza alibaki akipiga kelele peke yake juu ya daraja la usukani.

Mtu kama huyo hakuwa askari. Hili ni jambo ambalo watu wengi hulipitia haraka, na mimi sitaki kulipita. Baharia wa meli ya biashara alikuwa mfanyakazi wa kampuni, mwenye mkataba kama wa kuli au wa karani. Mpaka mwaka 1941, baharia wa Kiingereza ambaye meli yake imezamishwa alikatiwa mshahara kuanzia siku ile meli ilipozama. Akielea siku kumi katika mashua ya kuokolea, siku hizo kumi zilikuwa zake mwenyewe, hazilipwi. Amri ya serikali ya mwaka huo ndiyo iliyoanza kulirekebisha hilo. Kabla vita havijaisha, mabaharia zaidi ya 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikuwa wamekufa.

Na bado walibeba kila kitu. Mchele, risasi, mafuta, nyumbu, barua, wauguzi, na askari. Nahodha aliyezoea kubeba wafanyabiashara wa Kihindi na masanduku yao alipewa meli iliyopakwa rangi ya kijivu, ikafungwa bunduki chache, ikajazwa vijana ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona bahari, akaambiwa awafikishe. Silaha zake hasa zilikuwa macho ya walinzi, mwendo wa meli, na vyombo vya kuokolea alivyovihesabu kila asubuhi.

Ziwa letu lilikuwa limeonja kitu kama hicho katika vita vya kwanza. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kaskazini ya Tarime, wakapigana na Waingereza Kisii. Novemba ya mwaka huo meli ya Sybil, iliyokuwa ya mizigo na abiria kabla ya kufungwa mizinga, ilipanda mwamba karibu na Majita, ikabaki pale katika maji ya Wajerumani mpaka ilipookolewa mwaka 1915. Majita ni mwendo wa siku moja tu kutoka kwetu. Meli ya biashara kugeuzwa chombo cha vita ni jambo lililotokea mbele ya macho ya wavuvi wa Mara, miaka 30 kabla ya hii ninayoisimulia.

Vita vya pili vilichukua vijana wengi zaidi. Tanganyika peke yake ilitoa askari zaidi ya 80,000. Tarime wakati huo ilikuwa boma la wilaya iliyoitwa North Mara, na Wakurya wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wameshapata sifa, kwa Waingereza, ya kuwa watu wa jeshi. Keya iliwachukua, ikawafundisha Kiswahili cha kambini, ikawavisha makoti mazito ya kaki. Baadhi ya makoti hayo nimeyaona mwenyewe utotoni, juu ya mabega ya wazee asubuhi ya baridi, vifungo vya shaba vimebaki viwili kati ya vitano. Mwaka 1943 makao makuu ya vita yaliamua askari wa Afrika Mashariki wapelekwe kupigana na Wajapani huko Bama. Kwanza walipitia Seloni, wakajifunze msitu. Askari wa miguu walitangulia, na mizinga na wauguzi wakafuata.

Ndivyo Khedive Ismail ilivyokuja kusimama Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944. Waliopanda walikuwa kundi la ajabu. Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki kilikuwa na watu 996, Waafrika na maofisa wao wa Kizungu. Walikuwapo wanamaji 271 wa jeshi la Uingereza, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi wa kijeshi. Alikuwapo pia mwandishi mmoja wa habari za vita, Kenneth Gandar Dower, aliyewahi kuzunguka milima ya Kenya akimtafuta simba mwenye madoa, na ambaye mwaka 1937 aliwapeleka duma Uingereza washindane mbio kwenye viwanja vya mbwa. Sisi tunaopakana na Serengeti tunaweza kuwaza duma wa nyika akikimbizwa jioni chini ya taa za London. Mtu mwenye fikra za namna hiyo alikuwa na mengi bado ya kuandika.

Msafara ulipewa jina la KR 8. Ulikuwa na meli tano za kubeba askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Meli ya Whiteman ndiyo iliyokuwa ya komodoo, maana yake bendera zake ndizo zilizotazamwa na nyingine nne kabla ya kugeuza usukani. Waliolinda msafara ni manowari kubwa Hawkins na manowari mbili ndogo ziendazo kasi, Paladin na Petard. Safari ile Khedive Ismail ilikuwa imeshaifanya mara kadhaa bila shida.

Ukimsikiliza mtu aliyesafiri katika meli za namna hiyo, utasikia habari ya joto kabla ya kusikia habari ya vita. Jirani yangu mzee alisema chini kulikuwa kama tanuru. Askari walilala ngamani, machela juu ya machela, na ngazi za kupandia zilikuwa chache na nyembamba. "Ukitaka kupanda juu," alisema, "unasubiri wenzako kumi washuke." Neno hilo niliandika kando wakati ule bila kujua lilikuwa na uzito gani.

Jumamosi ile bahari ilikuwa shwari na jua kali. Watu walikuwa wameshakula chakula cha mchana. Ukumbini kulikuwa na tamasha la muziki, na wauguzi wengi na wanamaji walikwenda kusikiliza. Wengine walilala, wengine walikuwa juu wakipunga upepo. Ilikuwa yapata saa nane na nusu.

Nyambizi ya Kijapani I-27 ilikuwa ikiungoja msafara. Kamanda wake, Toshiaki Fukumura, alikuwa mtu aliyejulikana na kuogopwa katika bahari hiyo. Mwaka 1943 nyambizi yake iliizamisha meli ya mizigo Fort Mumford, na katika watu wote wa meli hiyo alisalia mmoja tu, aliyeokotwa na jahazi. Safari hii Fukumura aliisogelea Khedive Ismail kwa ubavu wa kushoto. Mlinzi mmoja aliiona darubini ya nyambizi ikichomoza majini, akapiga kelele, na wapiga mizinga wa meli wakaanza kufyatua. Wakati huo huo topido nne zilikuwa njiani. Mbili ziliipata.

Dakika zilizofuata zilikuwa chache mno. Wapo wanaosema mbili, wapo wanaosema tatu, na hakuna anayesema zaidi ya hapo. Tezi lilifunikwa na moto na moshi, meli ikalala upande, ikaenda. Fikiria watu mia kadhaa ngamani, ngazi moja, na sakafu inayogeuka kuwa ukuta. Fikiria ukumbi wa muziki, viti vyote vimeteleza upande mmoja pamoja na piano. Zile mashua ambazo nahodha alizihesabu kila asubuhi zinahitaji muda wa kufunguliwa, kuteremshwa na kujazwa, na muda ndio kitu pekee ambacho hakikuwapo. Hakuna amri ya nahodha, hata aliye hodari kuliko wote, inayotosha ndani ya dakika mbili.

Nimesoma watu wakiandika juu ya manahodha waliobaki darajani mpaka mwisho, wakiwa wamesimama wima, mkono kwenye kofia. Sitaki kumvika Whiteman picha hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba daraja la usukani liko juu, karibu na anga, na watu aliowabeba walikuwa chini. Mwenye nafasi ya kuruka kuliko wote katika meli ni aliye juu. Hakutoka.

Meli nyingine nne zilitawanyika na kuendelea na safari. Ndiyo ilikuwa amri ya misafara: aliyepigwa haachiwi wenzake wamsimamie, kwa sababu atakayesimama atapigwa pia. Niliposoma hivyo nilimkumbuka tena mzee. Askari waliokuwa katika City of Paris na nyingine walisimama kando ya sitaha wakiutazama moshi na vichwa vya watu majini vikibaki nyuma, na chombo chao kikizidi kuongeza mwendo.

Walionusurika mlipuko walikuwa wametapakaa majini, wameshikilia mbao, mapipa, maboya na miili ya wenzao. Paladin ilianza kuteremsha mashua kuwaokota. Na hapo likaja jambo ambalo mimi binafsi nimelikataa na kulikubali mara nyingi, na bado silali nalo vizuri. Nyambizi ilikuwa haijaondoka. Ilijificha chini kabisa ya watu waliokuwa wakiogelea, ikijua manowari itasita. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mabomu yanayolipuka chini ya maji. Akiyatupa, atawaua watu waliookoka. Asipoyatupa, nyambizi itaweza kupiga tena, labda manowari zenyewe, labda meli zile nne zilizojaa watu.

Aliyatupa.

Aliyatupa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Maji yalipanda kama minara, na watu waliokuwa wamepona topido wakafa kwa mabomu ya upande wao. Wapo waliokuwa wakipunga mikono kwa furaha walipoiona Petard ikija mbio, wakidhani inawafuata wao. Mabaharia waliokuwa tezini kwa Petard, ambao mikono yao ndiyo iliyosukuma mabomu hayo, waliwaona.

Petard haikuwa meli ya watu wasiojua thamani ya uhai. Mwezi Oktoba 1942, katika bahari ya Misri, mabaharia wake wawili, Anthony Fasson na Colin Grazier, walizama ndani ya nyambizi ya Kijerumani wakipandisha vitabu vya siri vilivyosaidia kufungua mawasiliano ya adui. Wenzao wa meli hiyo ndio waliotakiwa mchana ule kuchagua. Nimejaribu kumhukumu Egan na nimeshindwa. Pia sijaweza kusema kwamba alifanya vyema, kwa sababu waliokuwa majini walikuwa wetu.

Baada ya mabomu ya safari ya tatu, I-27 iliibuka. Paladin iliigonga na ikajipasua yenyewe. Mizinga iliipiga nyambizi bila kuizamisha, na Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine mpaka ya saba, ndipo ikavunjika na kwenda chini na Fukumura. Mapambano yalikuwa yamechukua zaidi ya saa mbili, na saa zote hizo waliosalia walikuwa bado majini. Waliookolewa walipelekwa kwenye kisiwa cha Addu, kusini kabisa mwa Maldivi, na Paladin iliyoharibika ikafikishwa huko huko. Wanaume 208, wanawake sita. Wanawake 77 walikufa, na katika historia yote ya majeshi ya Uingereza na makoloni yake hakuna siku moja iliyochukua wanawake wengi zaidi walio kazini. Katika kile kikosi cha 301, walio wengi hawakurudi.

Walionusurika katika mizinga na wengine waliotangulia walikwenda mbele. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria, na mwezi Desemba 1944 ikafika Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Habari za Bama zilirudi nyumbani na wazee. Habari ya meli ilikuja kwa minong'ono tu, kama ilivyomfikia jirani yangu Seloni, kwa kuwa wakati wa vita hasara za baharini hazikutangazwa.

Sasa nifike kwenye majina, maana hilo ndilo aliloliuliza mzee.

Katika mji wa London, karibu na mnara wa zamani wa wafalme, kuna ukumbusho uitwao Tower Hill. Hapo pameandikwa mabaharia wa meli za biashara waliokufa vitani na bahari ikawa kaburi lao. Kwa vita vya pili pekee ni karibu 24,000. Utaratibu wake ni tofauti na ule wa makaburi ya jeshi. Majina yamepangwa kwa meli, na chini ya kila meli, kama nahodha alizama nayo, jina lake limetangulizwa. Hao wengine hufuata kwa alfabeti, bila vyeo virefu. Kwa hiyo Whiteman anatangulia chini ya Khedive Ismail, kama alivyotangulia darajani.

Lakini watu wake wengi hawako kwenye ukuta huo. Mabaharia wa Bara Hindi, waliokuwa wakilisha moto tanuru na kuosha sitaha, wanakumbukwa Mumbai na Chittagong, na majina yao hayakuchongwa ukutani. Yameandikwa katika vitabu. Mtu akitaka kumtafuta sarahangi lazima aombe kitabu kifunguliwe.

Na askari wa mizinga wako Nairobi, Barabara ya Ngong, katika makaburi ya vita. Hapo kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki kwa wale wasio na kaburi, na wa Khedive Ismail wamo. Nilikwenda mara moja, asubuhi ya mvua. Nilianza kusoma kwa sauti ndogo, nikakuta majina ya Kikamba, ya Kijaluo, ya Kinyasa, ya Kiganda, ya watu wa pwani, yamekaa pamoja kama yalivyokaa ngamani. Mtunza bustani aliyekuwa akikata majani aliniuliza, "Unamtafuta wa kwenu?" Nikamwambia ninamtafuta nahodha. Akacheka kidogo, kwa upole, akasema hapa hakuna manahodha, hapa ni askari tu.

Alisema kweli. Nahodha, sarahangi na mpiga mzinga walizama ndani ya dakika mbili zile zile, katika maji yale yale, na leo mtu atakayetaka kuwasoma wote itabidi avuke bahari mbili. Ndiyo maana nimewaweka pamoja katika sura hii.

Mzee yule hakuwahi kupanda meli tena baada ya kurudi kutoka Bama, isipokuwa pantoni. Kabla daraja la Kirumi halijajengwa, kila aliyekwenda Musoma kutoka Tarime alivuka Mto Mara kwa kivuko. Niliwahi kwenda naye nikiwa mtoto. Watu walisukumana na mbuzi wao na matenga ya kuku. Yeye alisimama kando kabisa, fimbo mkononi, koti la kaki begani, mpaka msukumano ukaisha. Kisha alimwendea yule kijana wa usukani, akamwamkia kwanza ingawa kijana ndiye aliyestahili kumwamkia, akamuuliza jina lake na la baba yake.

Alipojibiwa, ndipo alipopanda.